Ajira na Uwekezaji wa Nishati Safi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi na Jamii

Haya ni maswali yanayorudiwa zaidi na mafundi, vibarua, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wenyeji pale mradi wa umeme wa jua, upepo, maji au jotoardhi unapobisha hodi. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. "Kazi za nishati safi" ni zipi hasa?

Ni kazi zinazowezesha umeme au joto kupatikana bila kuchoma makaa ya mawe, mafuta au gesi, pamoja na zile zinazopunguza kiasi cha nishati kinachohitajika. Ndani yake wamo wanaotengeneza paneli na betri, wanaomwaga zege la misingi ya mitambo ya upepo, wanaochimba visima vya mvuke, wanaovuta nyaya za gridi (mtandao wa kusambaza umeme), wanaofunga sola juu ya mapaa na wanaokarabati majengo yasipoteze joto au ubaridi.

Kazi za gridi na za ukarabati wa majengo husahaulika, na ndizo zenye mizizi kuliko zote. Paneli inaweza kutengenezwa bara jingine ikaletwa kwa meli. Paa la shule na nguzo ya umeme havisafirishwi: lazima mtu aliyepo hapo azifanyie kazi.

2. Ni watu wangapi duniani wanaishi kwa kazi hizi?

Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA) lilihesabu ajira milioni 16.2 za nishati jadidifu (isiyokwisha, kama jua, upepo na maji) kwa mwaka 2023, kutoka milioni 13.7 mwaka 2022. Sola peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 7. China ilikuwa na karibu asilimia 46 ya ajira zote hizo, kwa sababu viwanda vingi vya paneli, betri na vipuri viko huko.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Ukuaji wa dunia nzima hauna maana yoyote kwa kijiji ambacho hakuna aliyeajiriwa, na kazi ya miezi minane huweza kuhesabiwa pamoja na ya miaka 25. Tofauti hiyo imeelezwa katika swali la 5.

3. Fedha ni nyingi kiasi gani, na kwa nini hazifiki kila mahali?

Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) lilikadiria kwamba uwekezaji katika nishati duniani ungepita dola trilioni 3, na karibu trilioni 2 kati ya hizo zingeingia kwenye nishati safi, ikiwemo gridi, betri, nyuklia na matumizi bora ya nishati. Afrika, yenye karibu moja ya tano ya watu wote duniani, ilikuwa ikipata takriban asilimia 2 tu ya fedha hizo za nishati safi.

Sababu kubwa ni riba. Mtambo wa gesi hununua mafuta yake kidogo kidogo kwa miaka yote unayofanya kazi. Mtambo wa jua au upepo hulipiwa karibu wote siku ya kwanza, kwa mkopo, kisha mafuta yake ni bure. Kwa hiyo riba ikipanda, bei ya umeme wa jua hupanda nayo kwa nguvu, hata kama paneli ni zilezile na jua ni kali zaidi. Nchi ambayo wakopeshaji wanaiona ya hatari hulipa riba kubwa, miradi inakuwa michache, na mafundi wake wanakosa mahali pa kupata uzoefu. Ndiyo maana dhamana za serikali, mikopo nafuu na mikataba ya kuaminika ya kununua umeme ni suala la ajira, ingawa huzungumzwa kama suala la wahasibu.

4. Kwa nini haya yamhusu mfanyakazi wa kawaida au mtu anayeishi jirani na mradi?

Kwanza, kwa sababu kazi zinahama, na anayejua mapema zinakohamia ana nafasi ya kujifunza kabla ya mlango kufungwa. Pili, kwa sababu mradi hukaa kwenye ardhi ya watu kwa miaka 20 hadi 30, muda wa kizazi kizima. Tatu, kwa sababu hewa inayochafuliwa na makaa na dizeli huvutwa kwanza na wanaoyashughulikia na wanaoishi karibu nayo.

Lakini tuseme wazi: nishati kuwa safi hakuifanyi kazi kuwa ya haki. Jua haliwalipi vibarua, mwajiri ndiye anayewalipa. Faida zote zinazotajwa kwenye ukurasa huu, kuanzia mishahara na mafunzo hadi mrabaha na umeme wa kijiji, hupatikana pale zilipoandikwa kwenye mkataba kabla ya tingatinga kufika. Baada ya hapo nguvu ya kudai hupungua kila wiki.

## Kazi zenyewe

5. Mradi mmoja unatoa kazi ngapi, na zinadumu muda gani?

IRENA ilichambua mwaka 2017 mtambo wa sola wa megawati 50 na kukuta kwamba maisha yake yote yanahitaji takriban siku-kazi 229,000 (siku-kazi moja ni kazi ya mtu mmoja kwa siku moja). Asilimia 56 ni uendeshaji na matengenezo, 22 ni utengenezaji wa vifaa, na 17 ni ujenzi na kuunganisha kwenye gridi. Kilichobaki ni mipango, usafirishaji na kubomoa mwishoni.

Hesabu hiyo ukiifungua utaona mambo yalivyo. Ujenzi ni kama siku-kazi 39,000. Ukifanyika kwa siku 200 za kazi, ni wastani wa watu 195 kila siku. Uendeshaji ni kama siku-kazi 128,000, lakini zikigawanywa kwa miaka 25 zinabaki kama 5,100 kwa mwaka, yaani watu 22 wanaofanya kazi siku 230 kila mmoja. Mradi uleule, basi, ni watu karibu 200 kwa miezi michache, kisha watu wapatao 22 kwa robo karne. Mtambo wa upepo wa nchi kavu wa ukubwa huohuo unahitaji siku-kazi kama 144,000, na asilimia 43 ndiyo uendeshaji: hapo wanabaki watu 11 hivi.

Kwa hiyo mtu akija na ahadi ya "ajira 500", muulize maswali matatu: ni za ujenzi au za kudumu? Ni watu 500 kwa wakati mmoja au ni jumla ya wote watakaopita? Na ni ngapi zitakwenda kwa watu wa hapa? Majibu yaandikwe.

6. Lazima niwe na shahada?

Hapana. Sehemu kubwa ya kazi za ujenzi na matengenezo ni za mikono na za ufundi: umeme, uchomeleaji, zege, kupanga nondo, kuendesha krini, kuchimba mitaro ya nyaya, kusafisha paneli, kukata nyasi, ulinzi. Mafundi umeme ndio wanaotafutwa zaidi, kisha wachomeleaji wenye cheti. Wahandisi, wapima ardhi na wataalamu wa mazingira wanahitajika, ila kwa idadi ndogo.

Kinachozuia watu wengi ni cheti, hata pale ujuzi upo. Fundi wa miaka kumi asiye na karatasi hupita getini kama kibarua. Jamii inayosubiri mradi ianze na jambo hili mwaka mmoja au zaidi kabla: kuorodhesha mafundi waliopo, kuwapitisha kwenye mtihani wa kutambua ujuzi walioupata kazini, na kuwapa leseni inayotakiwa na nchi yao.

7. Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nijifunze nini kipya ili nifanye kazi za sola?

Jifunze umeme wa mkondo mnyoofu, yaani DC, hasa wenye volti kubwa. Umeme wa AC, yaani mkondo geu wa majumbani, hupita sifuri mara 100 au 120 kwa sekunde, hivyo cheche ikitokea hupata nafasi ya kujizima. Wa DC haupiti sifuri. Ukichomoa waya wakati mzigo unapita, cheche inaendelea kuwaka kati ya ncha mbili na inaweza kuyeyusha chuma. Utaratibu ni huu: zima inveta (kifaa kinachogeuza DC kuwa AC), zima swichi ya kutenganisha ya upande wa DC, hakikisha kwa klampu mita kwamba hakuna mkondo, ndipo uguse konekta.

Hesabu ya volti nayo huangusha wengi. Paneli ya wati 550 ina takriban volti 50 ikiwa haina mzigo. Ukiunga 20 mfululizo unapata volti 1,000, ambayo ndiyo mwisho wa inveta nyingi. Fundi anaona imelingana barabara. Anachosahau ni kwamba namba iliyo nyuma ya paneli imepimwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na volti hupanda kwa karibu asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja baridi inapoongezeka. Asubuhi ya nyuzi 5, volti 1,000 zinakuwa kama 1,054, na inveta inaweza kuungua jua linapochomoza. Hata paneli 19 zinagusa ukomo. Funga 18.

Jambo la tatu ni konekta za MC4, zile zinazounganisha nyaya za paneli. Pini ibanwe kwa kibanio chake maalumu, kamwe si kwa koleo, kisha uivute kwa mkono kuona kama imeshika. Usiunganishe dume la kampuni moja na jike la kampuni nyingine hata kama vinaingiana: metali na vipimo hutofautiana kidogo, mguso unakuwa hafifu, joto linajikusanya, na baada ya miezi plastiki inayeyuka. Moto mwingi wa juu ya paa huanzia kwenye kitu hicho kidogo. Kabla ya kuwasha, pima insulesheni ya kila safu kwa mega, yaani kipima insulesheni. Ikisoma chini ya megaohmu 1, kuna waya uliochunika au maji yaliyoingia mahali, na mfumo usiwashwe mpaka papatikane.

8. Hatari kubwa kazini ni zipi?

Kwenye mapaa, ni kuanguka. Paneli moja kubwa ina kilo 28 hivi na upana wa tanga, upepo ukiishika humvuta aliyeibeba. Ibebwe na watu wawili, mkanda wa usalama ufungwe kwenye nanga iliyopimwa, na upepo ukizidi kazi isimame. Paneli ikiwa kwenye mwanga ina umeme muda wote, hata kama haijaunganishwa na inveta, kwa hiyo hakuna "kuzima" kama kwenye nyumba ya kawaida.

Kwenye mitambo ya upepo kuna urefu wa mita 80 hadi zaidi ya 120, nafasi finyu na mashine zinazozunguka. Waajiri wengi hudai cheti cha msingi cha usalama cha Global Wind Organisation: huduma ya kwanza, kubeba mizigo, moto, kazi za juu, na kwa wa baharini, kujiokoa majini. Kinaisha baada ya miezi 24, kwa hiyo uliza mapema nani atalipia kukihuisha. Kwenye jotoardhi hatari ni mvuke na gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi huua pua, usiisikie tena. Kipima gesi kivaliwe kifuani kila siku.

Joto la mchana kwenye shamba la sola husahaulika kabisa. Maji, kivuli na mapumziko ya lazima yaandikwe kwenye mpango wa usalama, maana msimamizi aliyechelewa na kazi hatayakumbuka mwenyewe.

9. Kabla ya kusaini mkataba wa kazi, niangalie nini?

Jina la mwajiri kwanza. Mara nyingi bango la getini lina jina la mwekezaji, lakini mkataba wako ni wa mkandarasi mdogo wa mkandarasi mwingine. Akitoroka na mshahara, mwekezaji atasema hakujui. Dawa yake ni kifungu kwenye mkataba mkuu kinachomfanya mkandarasi mkuu awajibike kwa mishahara ya waliochini yake, na hicho hudaiwa na chama cha wafanyakazi au jamii, si na mtu mmoja mmoja.

Kisha tazama malipo ya siku za kusubiri. Vifaa hukwama bandarini, mvua huzuia magari, na wafanyakazi huambiwa warudi nyumbani. Bila kifungu, hasara ya siku hizo ni yako. Hakikisha pia bima ya ajali inaanza siku ya kwanza, michango ya hifadhi ya jamii inakatwa na kuwasilishwa, vifaa vya kujikinga havikatwi kwenye mshahara, na muda wa ziada umetajwa kwa kiwango.

La mwisho hudaiwa na wachache na lina thamani kuliko siku kadhaa za malipo: barua ya mwisho wa kazi inayotaja ulifanya nini, kwenye mtambo wa ukubwa gani, kwa saa ngapi. Hiyo ndiyo tiketi yako ya mradi unaofuata.

10. Nafasi za wanawake zikoje?

Bora kuliko kwenye mafuta na gesi, lakini bado hazitoshi. Tafiti za IRENA zinaonyesha wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu, 40 kwenye sola na 21 kwenye upepo, dhidi ya 22 kwenye mafuta na gesi. Wengi wako ofisini. Yanayobadilisha hali ni ya vitendo: vyoo tofauti eneo la kazi, mikanda na buti za saizi zao, usafiri salama alfajiri na jioni, na mafunzo yenye ratiba ambayo mama anayenyonyesha anaiweza.

## Mgodi au mtambo wa zamani ukifungwa

11. Wafanyakazi wa makaa ya mawe wanaangukia wapi?

Inategemea walipewa muda gani. Ujerumani iliamua mwaka 2007 kwamba uchimbaji wa makaa magumu (aina moja ya makaa ya mawe) ungeisha mwaka 2018, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ukafungwa Desemba 2018. Miaka 11 ilitosha watu kustaafu mapema, kuhamishwa na kujifunza kazi nyingine. Hispania ilifanya kwa haraka zaidi: Oktoba 2018 serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri walitia saini makubaliano ya euro milioni 250 yaliyogusa kama wachimbaji 1,000, yakiwa na kustaafu mapema kwa wenye miaka 48 na kuendelea, mafunzo kwa vijana, na kazi za kurejesha mazingira ya migodi.

Mfano wa kujihadhari nao ni Komati, Afrika Kusini. Kituo hicho cha makaa kilizimwa Oktoba 2022, na Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497 kwa ajili ya kukibadilisha kuwa cha sola, upepo na betri. Lakini moto ulizimwa kwanza, na miradi mipya ikaja nyuma kwa mwendo wa pole. Kwa mji unaoishi kwa mishahara ya kituo kimoja, pengo la miaka miwili linatosha kufunga maduka na kuhamisha vijana. Kwa hiyo mpangilio wa kudai ni huu: kazi mpya zianze kujengwa wakati ya zamani bado inalipa.

12. Ujuzi wangu wa mgodini au kwenye mtambo wa makaa utanifaa?

Mwingi, ndiyo. Mafundi wa tabaini za mvuke (mashine zinazozungushwa na mvuke) wanaingia kwenye jotoardhi karibu bila kujifunza upya, maana mvuke ni mvuke. Wachimbaji wa visima vya mafuta wanachimba visima vya jotoardhi kwa mashine zinazofanana. Mafundi wa volti kubwa wanahitajika kila palipo na gridi. Anayepata tabu ni mwenye kazi iliyofungwa na makaa yenyewe, kama mwendesha mkanda wa kubebea makaa, na huyo ndiye wa kuwekewa fungu la mafunzo kwanza. Mafunzo yasiyo na mshahara hayamsaidii mwenye familia, kwa hiyo fungu lijumuishe posho ya kuishi.

## Jamii zinazoishi na miradi

13. Jamii hupata nini kifedha?

Kuna njia kadhaa, na viwango vyake vinatofautiana sana. Ujerumani inaruhusu mwendeshaji wa mtambo wa upepo kulipa hadi senti 0.2 za euro kwa kila uniti kwa manispaa zilizo ndani ya kilomita 2.5. Mtambo unaozalisha uniti milioni 15 kwa mwaka huleta euro 30,000. Afrika Kusini, kwenye mpango wake wa kununua umeme wa wazalishaji binafsi, ilidai jamii zilizo ndani ya kilomita 50 ziwe na angalau asilimia 2.5 ya hisa, na asilimia 1 ya mapato iende kwenye maendeleo ya jamii. Kenya, kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, inatoza mrabaha wa jotoardhi wa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani kwa miaka 10 ya kwanza na 2 hadi 5 baadaye, na mrabaha huo unagawanywa 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii.

Fuata hesabu mpaka mwisho kabla ya kushangilia. Umeme wa shilingi bilioni 1 kwa mrabaha wa asilimia 1 ni milioni 10, na asilimia 5 ya hiyo ni shilingi laki tano. Hisa nazo zina mtego: jamii hukopeshwa fedha za kuzinunua, na gawio la miaka ya mwanzo huishia kulipa deni. Malipo kwa uniti huanza siku umeme unapoanza kutoka, na yanapimika kwenye mita. Kwa jamii isiyo na wahasibu wake, tunaona hiyo ndiyo njia salama zaidi.

14. Tukae mezani lini, na tudai nini?

Kabla ya ardhi kukodishwa na kabla ya mwekezaji kufunga mkopo wake. Mabenki hayatoi fedha mradi ukiwa na mgogoro, na hapo ndipo sauti ya jamii ina uzito. Daini idadi ya ajira na mafunzo kwa mgawanyo wa swali la 5, viwango vya mishahara, fungu la kununua mchanga, kokoto, chakula na usafiri kutoka hapo, njia ya malalamiko yenye muda wa kujibiwa, na adhabu ya fedha kila ahadi inapovunjwa. Ahadi isiyo na adhabu huwa ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Mwanasheria wenu alipwe kwa fedha za mradi lakini achaguliwe nanyi.

15. Je, ardhi ikiwa ya jamii na haina hati?

Isajilini kwanza. Kenya ina mifano miwili ya kuzingatia. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60.8, uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wenyeji kuhusu ardhi. Ule wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulijengwa ukakamilika, lakini mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ya nchi hiyo sasa inataka makubaliano ya uwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano uliohudhuriwa na angalau theluthi mbili yao. Hata pasipo na sheria kama hiyo, jamii inaweza kujiwekea kanuni hiyohiyo na kuandika muhtasari wenye sahihi. Njia za mifugo, visima na makaburi vichorwe kwenye ramani kabla mpima wa mwekezaji hajaweka vigingi.

16. Wananchi wanaweza kumiliki mtambo wenyewe?

Ndiyo. Middelgrunden, baharini nje ya Copenhagen, Denmark, ilijengwa ikiwa na mitambo 20 ya upepo ya megawati 2 kila mmoja, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Kwa ushirika mchanga, anzeni na sola ya juu ya paa la jengo linalotumia umeme mchana, kama hospitali au kiwanda cha maziwa: mnunuzi yupo hapohapo na hamtegemei gridi. Jambo linaloua vyama vingi vya ushirika ni kugawana faida yote. Inveta hudumu miaka 10 hadi 15, paneli 25 au zaidi, kwa hiyo fungu la kununua inveta ya pili liwekwe kando tangu mwaka wa kwanza.

17. Mbona nyaya zinapita juu yetu na sisi tuko gizani?

Kwa sababu njia kubwa hubeba umeme wa kilovolti 132, 220 au 400, na hauwezi kuchotwa hivihivi. Unahitaji kituo cha kupozea hadi kilovolti 33 au 11, kisha transfoma ndogo za kuushusha mpaka volti 230 za nyumbani. Kituo cha kupozea ni ghali, na baada ya mradi kuisha hakuna anayekijenga kwa ajili ya kaya chache. Hilo ni dai la mezani (swali la 14): nafasi ya transfoma ya usambazaji iachwe kwenye kituo cha mradi tangu kwenye michoro, au mradi ugharimie gridi ndogo ya sola yenye betri.

## Hali zisizo za kawaida

18. Serikali ikibadilisha sera katikati?

Hutokea, hata kwenye nchi tajiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ya kupunguza mfumuko wa bei ilitoa nafuu ya kodi ya asilimia 6 kwa miradi ya nishati safi, ikapanda hadi 30 kwa mradi mkubwa unaolipa mishahara ya kiwango cha soko na kutumia wanagenzi (wanaojifunza ufundi kazini). Ni moja ya mbinu bora zilizowahi kuandikwa za kufunga fedha za umma na haki za wafanyakazi. Julai 2025 sheria mpya ilifupisha muda wa nafuu hizo kwa upepo na sola, na miradi ikaanza kukimbizana na kalenda.

Mfanyakazi ajilinde kwa cheti kinachotambulika nje ya mradi mmoja. Jamii ijilinde kwa malipo yaliyo kwenye mkataba na mwekezaji mwenyewe, yasiyotegemea ruzuku kuendelea.

19. Mwekezaji akiuza mradi kwa kampuni nyingine, makubaliano yetu yanakufa?

Yanaweza, kama mlisaini na kampuni mama au na meneja aliyeondoka. Sainini na kampuni inayomiliki mtambo na leseni, na wekeni kifungu kwamba atakayenunua anarithi wajibu wote. Makubaliano yakisajiliwa pamoja na hati ya ukodishaji wa ardhi, mnunuzi hawezi kudai hakuyaona.

20. Betri na paneli zilizokufa zipelekwe wapi?

Betri za risasi (ile metali yenye sumu) zirudishwe kwa muuzaji au kwa mchakataji mwenye leseni, zikiwa nzima na zimesimama wima. Kuzivunja nyumbani au kuyeyusha risasi uani kunawadhuru watoto kwanza, na madhara ya ubongo hayarudi nyuma. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri za lithiamu zilizovimba au kutobolewa zisirundikwe pamoja. Zinaweza kuwaka zenyewe. Paneli zina fremu ya alumini na kioo vinavyouzika, lakini zisipasuliwe.

21. Mtambo ukifikisha mwisho wake, nani anauondoa?

Mkataba usiposema, mzigo unaweza kumwangukia mwenye ardhi. Msingi mmoja wa mtambo wa upepo una mamia ya mita za ujazo za zege, na mapanga yake ya nyuzi za kioo ni magumu kuchakata. Daini akaunti ya ubomoaji inayotiwa fedha kila mwaka na isiyotolewa bila sahihi ya pande mbili, makadirio ya gharama yafanywe na mtu huru na kupitiwa kila baada ya miaka mitano, na thamani ya vyuma chakavu isipunguzwe kwenye makadirio hayo, kwa kuwa bei ya chuma miaka 25 ijayo haijulikani. Andikeni pia zege litolewe hadi kina gani, barabara zipi zibaki kwa matumizi yenu, na kazi za kubomoa, ambazo nazo ni siku-kazi elfu kadhaa, zipewe nani.